Bodi za kuchajia betri: angalia kinga kabla ya bei

Wafanyabiashara wa Rahaleo, Mtwara, wanaoagiza bodi ndogo za kuchajia betri za lithiamu za taa za sola na redio wanashauriwa kuuliza jambo moja kabla ya bei: je, bodi ina kinga?

Chipu inayotumika sana katika bodi hizo ni TP4056. Hupeleka umeme usiozidi ampea 1 na huzuia seli isipite volti 4.2. Seli iliyoshuka chini ya volti 2.9 huchajiwa kwanza polepole, kwa sehemu moja ya kumi ya umeme wa kawaida.

Kazi yake huishia hapo. Betri ikipigwa shoti, au ikitumiwa hadi kuisha kabisa, chipu hiyo haizuii. Hapo inahitajika chipu ya pili, aghalabu DW01, ambayo hukata umeme volti zinapofika karibu 4.3 au zinaposhuka hadi 2.4.

Kuzitambua si kazi. Bodi yenye kinga kwa kawaida ina sehemu nne za kuungia nyaya: mbili za betri, mbili za kifaa. Isiyo na kinga ina mbili tu za betri.

Jambo jingine ni joto. TP4056 ina mguu wa kuungia kipima joto cha betri, lakini kwenye bodi nyingi za bei nafuu mguu huo umeungwa upande hasi, hivyo haufanyi kazi. Seli nyingi hazifai kuchajiwa zikipita nyuzi 45 za Selsiasi. Mteja aelezwe achajie kivulini.

Tofauti ya bei kati ya bodi hizo ni ndogo. Hasara ya duka kuungua si ndogo.