Nyota 150 na Ukuta wa WhatsApp

Mwulize abiria wa daladala ya Buhongwa anapenda programu gani kwenye simu yake, na yaelekea atataja WhatsApp, TikTok au Boomplay. Menyu ya kutuma pesa haitamjia akilini. Haina picha kwenye kioo wala haipakuliwi. Unabonyeza nyota 150 nyota 00 reli, unajibiwa kwa maandishi makavu. Hata hivyo, nikitakiwa kuchagua teknolojia iliyogusa maisha zaidi katika kata hii ya Buhongwa, wilayani Nyamagana, kandokando ya barabara kuu ya kwenda Shinyanga, nitachagua hiyo.

Wataalamu huiita USSD. Simu ina njia mbili za kuzungumza na mnara. Moja hubeba sauti na data. Nyingine ni ya ishara: ndiyo inayoitambulisha laini kwa mtandao na kuiarifu simu kwamba kuna mtu anapiga. USSD hupita kwenye hii ya ishara, ndiyo maana haihitaji bando, na kitochi huipata sawasawa na simu janja. Kila ujumbe wake una nafasi ya baiti 160 tu, zinazotosha herufi 182, na menyu nzima ya kutuma, kutoa na kulipa hubanwa humo. SMS inaweza kusubiri mtamboni mpaka mpokeaji awashe simu. USSD ni mazungumzo ya papo kwa papo, na ukichelewa kujibu yanakatika.

M-Pesa, huduma ya Vodacom yenye menyu hiyo, iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kuanza Kenya. Tigo Pesa na Airtel Money zikafuata, kila kampuni na uzio wake. Mfanyabiashara alilazimika kuwa na laini kadhaa, kwa kuwa mteja wake angeweza kuwa upande wowote.

Kampuni hupenda uzio kwa sababu ya hesabu. Watu 10 waliounganishwa hufanya jozi 45 za watu wanaoweza kuwasiliana. Wakifika 100, jozi ni 4,950. Watu wameongezeka mara 10, jozi mara 110. Kwa hiyo mtandao mkubwa huvuta watu kwa ukubwa wake tu, hata kama mdogo una huduma bora. Facebook ilipotangaza Februari 2014 kwamba inainunua WhatsApp kwa takriban dola bilioni 19, wahandisi wake walikuwa na uwezo wa kuandika programu ya aina hiyo wenyewe. Wasichoweza kukiandika ni zile jozi.

Mwaka huohuo, kampuni za simu Tanzania zilianza kuuondoa uzio. Airtel, Tigo (sasa Yas) na Zantel zilikubaliana pesa ivuke kutoka pochi ya mtandao mmoja hadi ya mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Hakuna sheria iliyowashurutisha. Walikaa mezani, wakaandika kanuni. Mwanzoni waliunganishwa wawili wawili. Kampuni 4 zinahitaji viungo 6 tu, lakini zikiongezwa benki mpaka taasisi zikawa 40, viungo vinafika 780. Ndiyo kazi ya TIPS, mfumo wa Benki Kuu: kila taasisi inaungana na kitovu mara moja, viungo 40 vinatosha.

Kampuni kukubaliana zenyewe bila sheria naliona kuwa jambo kubwa, na halisifiwi linavyostahili. Umoja wa Ulaya ulisubiri mpaka Machi 2024 ndipo sheria yake ikaanza kuibana Meta, yaani kampuni ya Facebook, iifungue WhatsApp kwa huduma nyingine zitakazoomba kuunganishwa. Ni kweli kazi ya Meta ni ngumu zaidi. Tangu 2016 ujumbe wa WhatsApp hufungwa kwa funguo zilizomo ndani ya simu za wanaowasiliana, ilhali kampuni ya pesa huiona miamala yote inayopita kwake. Huwezi kuunganisha huduma mbili za ujumbe bila kukubaliana kwanza jinsi ya kubadilishana funguo. Lakini kanuni za kufanya hivyo zipo. Moja, iitwayo MLS, ilichapishwa mwaka 2023.

Buhongwa nako uzio haujaisha. Pesa inavuka, wakala havuki: kila mtandao una laini yake ya uwakala na floti yake, yaani salio la kuhudumia wateja. Tuseme wakala ana floti ya shilingi 600,000, ameigawa sawasawa kwenye mitandao minne. Mteja anayetaka kuweka 200,000 atarudishwa, maana laini ya mtandao wake ina 150,000 tu, na 450,000 zimelala kwenye laini nyingine za wakala huyohuyo. Kampuni zilizoweza kuunganisha pochi za wateja zinaweza kuunganisha na floti za mawakala, na mtambo wa kusawazisha hesabu kati yao tayari uko Benki Kuu.