Roberta, Manzi wa Makaratasi

Kuna dem anaitwa Roberta Breitmore. Alikuwa na leseni ya kuendesha gari, akaunti ya benki, hadi daktari wa akili wa kumwagia stori zake. Noma ni moja tu: hakuwahi zaliwa.

Mwenye hiyo rieng ni Lynn Hershman Leeson, msanii wa San Francisco, Marekani. Kuanzia 1973 alikuwa anapiga wigi ya manjano, anajipodoa, anatoka mtaani kama Roberta. 1975 akachora hata ramani ya uso wa dem: rangi gani inakaa shavu, gani inakaa mdomo.

Roberta aliingia tao na basi ya Greyhound, akachukua rumu Dante Hotel. Hiyo Dante ilikuwa na stori zake. Lynn alikuwa ameseti rumu huko na masanamu ya nta kwa kitanda, watu wajichekie saa yoyote. Msee mmoja akatokea saa tisa usiku, akadhani ni maiti, akaita makarao. Makarao wakabeba sanaa kama ushahidi! Hapo nilicheka vibaya.

Basi, Roberta akaweka tangazo kwa gazeti: anatafuta mtu wa kushea keja. Machali wakajitokeza. Hapo utani ikaisha, juu wengine wao walikuwa wanataka kumwingiza kwa biashara ya kuuza mwili. Dem ni wa kubuni, lakini hiyo hatari ilikuwa ya ukweli kabisa, na ni Lynn ndio alikuwa ndani ya hiyo wigi.

Baadaye akaajiri madem wengine watatu nao wawe Roberta. 1978 kukawa na maonyesho kwa jumba la makumbusho la de Young, na mashindano ya nani anafanana na Roberta zaidi. Hebu fikiria, unashindana kufanana na mtu hayuko! Mwaka huo huo, Palazzo dei Diamanti huko Ferrara, Italia, wakamfanyia ibada ya kumtoa kama pepo.

Wasee wengine watasema hiyo ni kujifanya tu, si sanaa. Mimi nakataa. Lynn alionyesha vile benki na ofisi zinaamini makaratasi, mwenye makaratasi wala hawamjui. Na wewe mwenye akaunti tatu za pseudo, enda umcheki Roberta. Huyo mathe alikutangulia kitambo, na hakuwa hata na intaneti.