Cowboy Bebop kwenye Blu-ray: vipindi 26 bila kukatwa

Mwaka 1998, TV Tokyo ilionyesha sehemu tu ya Cowboy Bebop, katuni ya mapigano ya Mjapani Shinichirō Watanabe. Vyote 26 vilionekana baadaye kwenye WOWOW.

Toleo la Blu-ray la Marekani, la mwaka 2014, linavyo vyote, kwa sauti za Kijapani na Kiingereza. Katuni ilichorwa kwa mkono na kupigwa kwenye filamu; chembechembe zake bado zinaonekana, na ni vizuri hivyo. Pembeni mwa picha kuna weusi, kama enzi za televisheni za zamani. Anayelalamika atazame kipindi cha 5, Spike na Vicious wakipigana kanisani: upanga, bastola, kisha dirisha linapasuka.

Maandishi ya Kiswahili hayamo. Asiyesikia Kiingereza wala Kijapani atabaki na ngumi, na muziki wa Yoko Kanno.