Nyayo za Kupinda kwa Mtoto Mchanga: Tiba Ipo, Yahitaji Subira

Mtoto anapozaliwa, mkunga huangalia kwanza pumzi, kilio na rangi ya ngozi. Miguu huangaliwa mwishoni, na pengine husahauliwa. Hata hivyo, takriban mtoto 1 katika kila 1,000 huzaliwa akiwa na unyayo uliopinda kuelekea ndani na chini, kisigino kikiwa kimepanda juu. Hali hiyo huitwa nyayo za kupinda, au mguu kifundo. Wavulana huipata karibu mara mbili ya wasichana, na kwa takriban nusu ya watoto hao miguu yote miwili huathirika.

Mtoto huyo hasikii maumivu, hunyonya na kukua kama wenzake. Kwa sababu hiyo familia nyingi hungoja, zikitumaini kwamba mguu utajinyoosha wenyewe. Madhara hujitokeza anapoanza kusimama. Hukanyagia ubavu wa mguu, ngozi ya hapo huota sugu na kupata vidonda, viatu havimwenei, na safari ya kwenda shule humchosha. Huo ni ulemavu wa maisha ambao ungeweza kuzuiwa mapema.

Si laana wala kosa la mama

Kwa watoto walio wengi chanzo halisi hakijulikani. Urithi una nafasi yake, na uvutaji wa sigara wakati wa ujauzito huongeza uwezekano wa tatizo. Haihusiani na uchawi, chakula alichokula mama, wala namna alivyolala. Lawama hizo humfanya mzazi kumficha mtoto, na kumficha ni kumchelewesha.

Kinachoonekana kitabibu ni kwamba misuli na kano za nyuma na za upande wa ndani wa mguu ni fupi na zimekaza, nazo huivuta mifupa ya unyayo, ambayo kwa sehemu kubwa bado ni gegedu laini. Wafugaji wa farasi wanalifahamu tatizo linalokaribiana na hili. Mtoto wa farasi aweza kuzaliwa na kano zilizokaza hata akatembea kwa ncha za kwato. Kwa kuwa hutakiwa kusimama saa chache tu baada ya kuzaliwa ili anyonye, daktari wa mifugo humfunga mabanzi au plasta bila kukawia. Binadamu ana takriban mwaka mzima kabla ya kutembea, lakini kanuni ni moja: tishu za kichanga hukubali kunyooshwa kwa upole, na kila mwezi unaopita huziongezea ugumu.

Mbinu ya Ponseti

Tiba inayotumika leo karibu duniani kote ilibuniwa na Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Aliona kwamba watoto waliofanyiwa upasuaji mkubwa walifikia utu uzima wakiwa na miguu migumu yenye maumivu, akatafuta njia nyingine.

Kila wiki mtaalamu huunyoosha unyayo taratibu kwa mikono, kisha huufunga plasta ngumu, maarufu kwa jina la hogo, kuanzia vidoleni hadi pajani, goti likiwa limekunjwa. Plasta tano hadi saba hutosha kwa watoto wengi. Mwishoni, wengi wao huhitaji kano ya kisigino ikatwe kwa tundu dogo, chini ya ganzi ya sehemu hiyo tu. Plasta ya mwisho hukaa wiki tatu, na katika muda huo kano hujiunga upya ikiwa na urefu unaotakiwa.

Nyumbani, mzazi akague vidole vya mtoto kila siku. Vikiwa baridi, vimevimba, au vimebadilika kuwa vyeupe au vya samawati, ama vikiwa vimezama ndani ya plasta, mtoto arudishwe kliniki siku hiyo hiyo. Plasta isiloweshwe.

Viatu vya miaka minne

Sehemu ngumu zaidi huanza pale mguu unapoonekana umepona. Mtoto huvalishwa viatu viwili vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku katika miezi mitatu ya kwanza, kisha usiku na wakati wa usingizi wa mchana hadi afikishe takriban miaka minne. Siku za mwanzo hulia, na majirani huuliza kwa nini mtoto mwenye miguu iliyonyooka ateswe. Mzazi akishawishika kuviacha, mara nyingi upinde hurudi. Kuacha viatu ndiyo sababu kuu ya tatizo kujirudia.

Gharama nayo imepata ufumbuzi karibu na nyumbani. Nchini Uganda, Michiel Steenbeek alibuni aina ya viatu hivyo inayotengenezwa kwa ngozi, mbao na chuma, vitu vinavyopatikana katika karakana za kawaida.

Wajibu wa mhudumu

Mhudumu wa afya akague miguu ya kila kichanga kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Unyayo unaorudi sawa kwa kusukumwa kidogo kwa kidole kwa kawaida umepinda kwa mkao wa tumboni tu. Usiorudi upewe rufaa, ili matibabu yaanze ndani ya wiki mbili za kwanza inapowezekana. Uti wa mgongo na nyonga zichunguzwe pia, kwani watoto wachache huwa na mgongo wazi au tatizo jingine. Baba, bibi na walezi wengine waelezwe mapema juu ya viatu, maana mama peke yake hawezi kuulinda mguu huo kwa miaka minne.

Mtoto aliyechelewa naye asikatiwe tamaa. Hata aliyekwisha kuanza kutembea aweza kunufaika na mbinu hii, ingawa atahitaji plasta nyingi zaidi.