Sumu iliyokuwa ndani ya mshumaa

Asubuhi ya baridi huko milimani Kivu, mama ashikapo chupa ya mawese huyakuta yameganda, yenye chembechembe kama mchanga. Chembe hizo ni fuwele. Nasi twataka kuwasimulia jinsi fuwele za namna hiyo zilivyopata kuleta hatari katika nyumba za Ulaya.

Mwaka 1825 wataalamu wawili Wafaransa, Chevreul na Gay-Lussac, walipewa hati ya kulinda uvumbuzi wao: mishumaa ya stearini, iliyotolewa katika shahamu ya wanyama. Ilikuwa migumu, myeupe, wala haikunuka kama ile ya zamani. Kasoro yake ni hii: stearini ilipopoa katika kalibu ilifanya fuwele kubwa kubwa, na mshumaa ukavunjika upesi. Basi wenye viwanda wakatia aseniki nyeupe kidogo ili kuzizuia fuwele zisikue. Aseniki, sumu ya kuulia panya! Mshumaa ulipowaka, sumu ilipanda hewani, na watoto wakaivuta huku wakisoma. Katika miaka ya 1830 waganga wa London walipaza sauti, na desturi hiyo ikaachwa.

Badala yake ilitiwa nini? Nta ya nyuki kidogo tu. Tena stearini ilipozwa mpaka karibu kuganda, ndipo ikamiminwa.

Tueleze sababu. Molekuli za vitu hivi ni minyororo ya kaboni. Katika fuwele husimama bega kwa bega, mfano wa matete ya ua. Yakiwa ya urefu mmoja, kila tete jipya hupata mahali pake mara moja, na ua hupanuka. Likiingia tete refu, kichwa chake hutokeza, jirani zake hawashikamani vema, na ukuaji hukawia. Fuwele hubaki ndogo. Nta ya nyuki ina minyororo mirefu kupita ile ya stearini, mingine ya kaboni 46.

Tofauti ndogo pia yatosha. Asidi palmitiki, yenye kaboni 16, huyeyuka kwenye digrii 63. Asidi steariki, yenye 18, kwenye digrii 69. Zikichanganywa karibu nusu kwa nusu, mtu angetazamia 66. Sivyo: huyeyuka karibu na digrii 55, chini ya zote mbili, kwa kuwa hazipangani vizuri.

Stearini ya madukani hata leo ni mchanganyiko wa asidi hizo mbili, na nyingi yake hutoka katika mawese.