Ufa mdogo wa mashua ya faiba usifichwe kwa rangi tu

MKAZI wa Adams Arcade, Nairobi, aliye na mashua kuukuu ya faiba ya kwenda nayo Ziwa Naivasha, hana budi kuikagua kabla ya kuirembesha. Abonyeze penye ufa: pakibonyea, hilo si doa bali ni udhaifu, na fundi aitwe.

Ufa wa juujuu husuguliwa kwa msasa, hukaushwa kabisa, kisha hujazwa jelikoti, yaani utomvu wa rangi ulio ngozi ya mashua, uliotiwa dawa ya kuugandisha. Hufunikwa kwa plastiki, kwani hewa huzuia sehemu ya juu isikauke.

Baridi ya Julai huchelewesha kuganda. Afadhali kungoja jua la mchana. Hatimaye hulainishwa kwa msasa namba 600 na 1000, kisha hupakwa nta.

Ufa ukipuuzwa, maji hupenya na kudhoofisha mashua kutoka ndani.