Graf von Götzen na Mto Lualaba: Kabaila, Askari na Mwanadiplomasia

Mto Lualaba huanza katika nyanda za juu za Katanga, ukapita jirani ya Kolwezi yenye migodi ya shaba, kisha ukaelekea kaskazini hadi Kabalo. Kutoka Kabalo, Wabelgiji walijenga reli iliyofika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Ng'ambo ya ziwa, Reli ya Kati ya Wajerumani ilikuwa imekwisha fika Kigoma mwaka 1914, na miongoni mwa matumaini ya wajenzi wake ni kuivuta biashara ya Katanga ipite Dar es Salaam. Meli kubwa iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915 ilipewa jina Graf von Götzen. Makala hii inaeleza maisha ya mwenye jina hilo, na vita iliyopiganwa chini ya utawala wake.

Gustav Adolf von Götzen alizaliwa mwaka 1866 huko Silesia. Graf ni cheo cha ukabaila apatacho mtu kwa kurithi. Alisoma sheria, akaingia jeshini mwaka 1887 katika kikosi cha wapanda farasi. Desemba 1893 aliondoka Pangani na msafara wa wapagazi na askari, akaingia Rwanda na kuonana na Mwami Kigeli Rwabugiri. Kisha alipita Ziwa Kivu, akavuka misitu, na Septemba 1894 akaufikia Lualaba huko Kirundu. Hapo ni kaskazini mno ya nchi ya shaba; msafara uliteremka na mto hadi pwani ya Atlantiki, wala haukufika Katanga.

Kati ya 1896 na 1898 alikuwa mwambata wa kijeshi mjini Washington, na katika vita baina ya Marekani na Hispania alilifuata jeshi la Marekani kama mwangalizi. Mwaka 1901 akateuliwa kuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Chini yake watu wa kusini na wa pwani walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa ujira duni, na mwaka 1905 ikatungwa sheria ya kodi ya rupia tatu kwa kichwa.

Julai 1905 watu wa Umatumbi waling'oa pamba. Ndivyo ilivyoanza Vita ya Maji Maji, iliyoyaunganisha makabila mengi kwa imani ya dawa ya maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, lakini vita haikukoma. Majeshi ya serikali yalichoma vijiji na ghala, yakaharibu mazao, na njaa ikawa silaha. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Götzen aliondoka mwaka 1906, na mwaka 1909 akachapisha kitabu juu ya vita hiyo. Humo aliutilia mkazo ushirikina na njama za waganga na majumbe, na kuyapunguza malalamiko ya wakulima. Mrithi wake, Albrecht von Rechenberg, alikuwa na maoni mengine. Naye alikuwa kabaila na mwanadiplomasia, lakini aliwahi kuwa konsuli Unguja na alikijua Kiswahili vizuri. Yeye aliona chanzo kuwa hasa ni uchumi. Tofauti hii yaonyesha kuwa si cheo wala taaluma vilivyomfunga Götzen katika maelezo yake.

Kwa upande wa Waswahili, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa vita hiyo, uliochapishwa mwaka 1957. Aidha, mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee vijijini. Msomaji wa kitabu cha gavana hana budi kukisoma pamoja na ushahidi huu, maana mshindi aliandika pia kujitetea.

Götzen alimaliza utumishi wake akiwa mjumbe wa Prussia mjini Hamburg, akafa Desemba 1910. Meli yake ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924. Mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, na jina la gavana likafutika ziwani.